Haja Haina Desemba

Mimi ndiye mwandishi wa kikao.
Mihtasari kumi na moja nimeiandika
tangu nihamishiwe hapa Kyarushe, juu ya Moshi,
na yote imelala kabatini kwa mwalimu mkuu
chini ya kengele iliyopasuka.

Leo wadau wamekaa kwenye madawati ya darasa la tano,
magoti yamegota mbao, watu wazima
wamekunjwa kama barua.
Afisa elimu kata amefika na pikipiki
yenye matope mpaka kwenye taa.
Mtendaji ana simu mbili, zote zinaita.
Mama Apaikunda, mpika uji, yuko mlangoni:
sikio moja la kikao, moja la sufuria.

Ubaoni nimechora jedwali:
tatizo, suluhisho, mhusika, gharama, lini.
Hiyo safu ya mwisho nimeichora nyembamba.
Naijua.

Mzee Kileo anataka geti,
la chuma, lenye jina la shule kwa rangi ya bluu,
wageni wajue wamefika.
Mwalimu Shirima anataka kompyuta ishirini,
na umeme wetu wenyewe ni kama shemeji,
huja wakati wa kula, akishiba haonekani.
Mwingine kataja basi.
Basi!
Njia yenyewe masika hii hata mbuzi huishuka kwa matako.

Na fedha?
“Vijana wetu wa Dar na Mwanza
wakipanda kula Krismasi,
ndafu ikishakatwa, tutawapitishia daftari.”
Vichwa vikakubali.
Nikaandika: Desemba.
Nikaandika: Desemba.
Nikaweka alama za kurudia mpaka chini.
Ilikuwa Machi. Mvua ndiyo kwanza inajaribu mabati.

Tukafika mengineyo.
“Mwakilishi wa wanafunzi, una neno? Kwa kifupi.”

Akasimama Ndeambilisia wa darasa la sita,
sweta limeliwa viwiko, macho kwenye chaki.
“Vyoo vya wasichana havina komeo.
Ukiingia, mwenzako anashika mlango kwa nje.
Kwa hiyo tunakosa kipindi wawili wawili.
Ukiwa huna mwenzako, unangoja.
Aikande alingoja, akachafuka,
akaenda kwao.
Hajarudi tangu Jumatatu.”

Akakaa.
Uji ukafurika motoni, hakuna aliyeinuka.
Mtendaji akazima simu moja, halafu na ya pili.

Mwenyekiti akakohoa: “Hoja nzuri sana.
Tuiingize kwenye mpango, halafu Desemba…”

“Mwenyekiti,” Mama Apaikunda akasema pale mlangoni,
mwiko bado mkononi,
“wewe haja yako huwa unaipangia mwezi?”

Watu wakacheka huku wanatazama sakafu.

Ndipo akainuka Elingaya, fundi wa kuchomelea,
ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa,
aliyeitwa, tuseme ukweli, kwa ajili ya deni la mchango.
“Milango ni mingapi?”
“Sita,” mtoto akajibu.
“Nina vipande vya nondo vilivyobaki kwenye madirisha ya kanisa.”
Akatoka bila ruhusa ya kiti,
kabla ya sala ya kufunga.

Nikabaki na chaki yangu.
Tatizo: komeo.
Mhusika: Elingaya.
Gharama: nikaandika sifuri, nikaifuta,
maana si kweli kwamba haikumgharimu mtu.
Lini:
nikaandika *leo*,
na ile safu nyembamba ikatosha.

Geti bado ni namba moja kwenye mpango,
sitaki nikudanganye.
Mzee Kileo alipigiwa makofi, muhtasari unasema hivyo.

Lakini jioni, nikisahihisha madaftari,
nilisikia chuma kikigongwa nyuma ya jiko,
kikaacha, kikagongwa tena,
na sauti ya mtoto ikijaribu:
kufunga, kufungua, kufunga.

Jumatatu nitaita majina.
Nikifika kwa Aikande
nitalitamka polepole,
kisha ninyamaze kidogo,
nisikilize.